Mlima Mkono wa Kulia

Mzee Tiwai, Mungu amrehemu, alikuwa mbishi. Ziwa zima watu wanafunga maboya juu ya mitego yao ya koura, yeye akakataa katakata. "Boya la nini?" alikuwa akisema. "La kumwonyesha mwizi njia?" Basi mtego wake ukalala chini kabisa, kamba ndefu yenye matita ya majani ya kangaga aliyoyafunga kwa mikono yake, na koura, wale kambakoche wadogo wa maji baridi, wakaingia humo kwa raha zao wakijiona wamejenga. Halafu mzee akaugua, akafa, na mtego ukabaki hukohuko. Haya, nenda sasa ukautafute!

Aliyeachiwa kazi hiyo ni binti yake, Ngahuia. Kule hospitalini mzee alimshika mkono akamwambia, "Mlima mkono wa kulia. Mvuke ukae juu ya kichwa cha babu. Hapo shusha ndoano." Ngahuia akataka kuuliza zaidi, mzee akafumba macho, na hakuyafumbua tena.

Sasa mwaka tangu mzee afe ulikuwa unakwisha, na Jumamosi ndiyo siku ya kufunua jiwe la kaburi lake. Ukoo wote ungejaa kwenye marae, ua wa mababu ulio kando ya ziwa, na ukoo ukishajaa unataka kula. Nyama ya kuokwa shimoni ingekuwepo, viazi vitamu vingekuwepo. Lakini mjane wake, Bibi Wairata, alikuwa na neno moja tu, na kwa neno hilo hakumpa mtu usingizi: mezani wawepo koura wa mtego ule.

"Mama, koura ni koura," Ngahuia alimwambia. "Jirani atatupa ndoo nzima."

"Jirani ndiye aliyekufa?"

"Hapana, Mama, lakini..."

"Basi. Nataka Tiwai awalishe wageni wake mwenyewe. Mara hii moja tu. Nikishaona hivyo nitanyamaza."

Kumbe na wifi yake naye hakusaidia. Parekura, dada wa marehemu, aliolewa pwani miaka mingi, na tangu aolewe huko anaona bahari ni shamba lake. Akapiga simu. "Wifi yangu, usihangaike," akasema. "Nakuja na kome, nakuja na kambakoche wa baharini, wakubwa, wa kumshibisha mtu mzima. Nyinyi watu wa maji baridi mtuchemshie viazi tu."

"Njoo na mdomo wako, wifi," Bibi Wairata akamjibu. "Huo peke yake unajaza sahani."

Akakata simu, akacheka, kisha akakaa kitandani akalia. Ngahuia alikuwa mlangoni, aliyaona yote mawili. Roho ilimuuma vibaya sana.

Si kwamba hakuwa ametafuta. Alikuwa na boti yake ya injini, aliyoinunua kwa mshahara wake wa kiwanda cha mbao, na akiisifia kila mahali hadi watu wanachoka. Kila alipopata nafasi alitoka gatini, akauweka mlima unaosimama nyuma ya kijiji upande wa bega lake la kulia, akaenda akiburuta ndoano. Alinasa tairi. Alinasa kiti cha bustani. Siku moja alinasa ndoano ya mtu mwingine, wakarushiana maneno mpaka jioni. Na kila alipogeuka kutazama kijiji, mvuke wa chemchemi ya moto ulikuwa kule mbali, na babu aliyechongwa juu ya paa la nyumba ya mikutano yuko huku mbali. Havikukaribiana hata siku moja.

Kijijini hawakushangaa. "Chemchemi imehama," walisema, na wakamaliza hapo. Kwani ni ajabu? Ardhi ya pale ndivyo ilivyo. Mwaka huu mvuke unatoka nyuma ya kanisa, mwaka ujao unatokea penye bustani ya mtu. Kuna mama mmoja aliamka asubuhi akakuta kabichi zake zimeiva shambani, akazichuma akala. Kwa hiyo alama ya Mzee Tiwai ilikufa pamoja na chemchemi yake ya zamani, na nani wa kulaumiwa? Hata Bibi Wairata alianza kukubali. "Labda kaondoka nayo," alisema, na sauti yake haikuwa ya utani.

Ijumaa asubuhi, jiwe likiwa limeshafunikwa kitambaa na mahema yamesimama, Ngahuia akashuka gatini kujaribu kwa mara ya mwisho. Akavuta kamba ya injini. Ikakohoa. Akavuta tena. Kimya. Akaitukana kwa matusi ambayo sitayaandika hapa.

"Umemaliza?" Mama yake alikuwa nyuma yake, amevaa koti la marehemu na kofia yake ya sufu, fimbo mkononi.

"Mama, unakwenda wapi na magoti hayo?"

"Nakwenda na wewe. Mtumbwi wa baba yako upo, na makasia yapo. Au mikono imekatika?"

"Sijapiga makasia tangu niko shule."

"Na leo utakumbuka. Nishike nisianguke."

Ngahuia akamshusha taratibu, akamkalisha nyuma kwenye ubao mpana. Yeye akakaa katikati, mgongo kaupa ziwa na uso kaupa kijiji, maana makasia hayapigwi ila hivyo. Akaanza kuvuta kuelekea kulekule alikozoea kwenda. Kasia la kwanza likamrushia Bibi Wairata maji usoni.

"Ahsante, nilishaoga," alisema Bibi.

Walipofika mbali kidogo na gati, Ngahuia akainua kichwa apumue. Mlima huo hapo mbele yake, mkubwa, theluji kidogo kileleni. Ulikuwa mkono wake wa kushoto.

Akaacha kuvuta. Makasia yakaning'inia yakichuruzika maji.

"Mama. Baba aliwahi kutumia injini kwenda kwenye mtego?"

"Injini? Yule? Alisema kelele zinawaharibia koura usingizi. Maisha yake yote ni makasia hayo uliyoyashika."

"Kwa hiyo alikuwa anakaa hapa nilipokaa."

"Akae wapi, mapajani kwangu?"

Ngahuia akajikuta anacheka peke yake, na machozi yanamtoka. Mwaka mzima alikuwa akienda na injini, uso mbele, na mlima akiuweka bega la kulia kama aliyeambiwa na mwenye injini. Baba yake alikuwa anatazama alikotoka! Mkono wake wa kulia ulikuwa upande mwingine kabisa wa ziwa. Ee Mungu wangu, na iliyolaumiwa ni chemchemi.

"Mama, mbona hukuniambia ni upande gani? Si ulikuwa unakwenda naye?"

Bibi Wairata akatengeneza kofia. "Nilikuwa nakaa hapa hapa. Ukungu asubuhi, maji huku na huku, sikujua kulia wala kushoto. Na nani alikuwa anatazama nchi? Nilikuwa namtazama yeye."

Ngahuia akageuza mtumbwi.

Akavuta kuelekea upande wa pili, na mlima ukahama polepole mbele ya macho yake mpaka ukakaa kulia. Mvuke nao ukawa unasogea nyuma ya mapaa. Ukapita kanisa, ukapita mti ulio mbele ya posta, ukaja, ukaja, hadi ukasimama juu ya kichwa cha babu, mweupe. Chemchemi haikuwa imehama hata hatua.

"Mstari tumeupata," alisema, akihema. "Lakini ni mbali kiasi gani? Hilo hakuniambia."

"Alikuwa ananiimbia," akasema Bibi Wairata. "Wimbo ule ule, kila siku. Ukiisha anaacha kupiga makasia."

"Alianzia wapi?"

"Pale mianzi ya gatini inapomalizika. Rudi."

Wakarudi hadi kwenye mianzi, mikono ya Ngahuia ikiwaka moto. Mama yake akaimba. Sauti ilikuwa nyembamba na ilikatika mahali pa juu, lakini alikwenda nao mpaka mwisho, na Ngahuia akavuta kwa kuufuata, macho hayabanduki kwa babu na mvuke wake. Wimbo ukaisha. Ndoano ikashuka. Akaburuta, hakuna kitu. Akaburuta tena kidogo kando, na kamba ya mkononi ikakaza.

"Mama."

"Usivute kwa pupa! Watatoroka. Polepole, kama unamtoa mtoto usingizini. Nipe wavu."

Tita la kwanza likapanda, kangaga nyeusi kwa kukaa majini, na Bibi Wairata akaupitisha wavu chini yake kabla halijatoka. Wakalitikisa. Koura wakaanguka ndani wakichapa mikia, wakubwa, wa kijani, wenye hasira. Bibi akamchukua wa kwanza, akasali maneno machache, akamrudisha ziwani kama ilivyo desturi. Kisha akashika fundo la kamba lililofunga tita. Hakulifungua. Alilishika tu muda mrefu, na Ngahuia akatazama pembeni amwache na mumewe.

Kabla ya kurudi walikata kangaga mbichi ufukoni, wakaongeza kwenye kamba ileile, wakaishusha palepale. Boya hawakufunga.

Jumamosi jiwe likafunuliwa, watu wakalia walivyotaka kulia, wakaingia kula. Koura walikuwa wamechemshwa kwenye chemchemi, wamekaa mbele ya Parekura, wekundu, kando ya kambakoche wake wa baharini ambao kwa kweli walikuwa wakubwa kama alivyojisifu.

"Haya, wifi, tuone vidagaa vyenu," akasema, akavunja mkia mmoja, akala. Akatafuna. Akala mwingine. "Hawa si wabaya. Nani kawavua?"

"Kaka yako," alisema Bibi Wairata.

Parekura akacheka, kisha akamtazama Ngahuia, akaona viganja vyake vilivyochubuka. Kicheko kikaisha. Akaliweka ganda mezani polepole.

"Mtego wake mwenyewe?"

"Aliufunga yeye. Sisi tumeuinua tu. Kula, wifi, mgeni wake ni wewe."

Parekura akajifuta macho kwa mkono wenye mafuta, akaisukuma sahani yake ya kambakoche wa baharini upande wa Ngahuia.

"Hawa kula wewe," akasema. "Mimi niongezeeni wa kaka yangu."