Palipokaa Tangazo

Kidole gumba cha Yusra kilinyanyuka kutoka pajani, kikabonyeza hewa, kikarudi. Katika ukumbi ule uliofurika akina mama, mabaibui yao, mikoba yao na watoto wao wanaolilia biskuti, hakuna aliyekiona isipokuwa Maalim Hamida. Na Maalim Hamida ndiye aliyeshika kengele.

Binti alikuwa katikati ya Sura Yusuf. Ndugu wamekwishamtupa mwenzao kisimani, wamekwishampelekea baba yao kanzu yenye damu ya uongo. Aya inayofuata ndiyo inayoleta wasafiri na ndoo yao. Yusra hakuileta. Alinyamaza, na kimya chake kikaanza kuwafikia hata wale waliokuwa wakinong'ona nyuma.

Kanuni za mashindano zilieleweka na kila mtu. Mshiriki akikwama, kengele inagongwa na alama zinapungua. Akizidi kukwama, mwamuzi mkuu, Sheikh Abdulwahab, ndiye peke yake mwenye ruhusa ya kumtamkia neno. Atakayeshinda hapa Dodoma atakwenda Dar es Salaam kwenye mashindano ya taifa. Alilolijua Hamida peke yake ni kwamba kengele hiyo ikilia, madrasa yake kule Kondoa itapona.

Maana madrasa ilikuwa mahututi. Ugonjwa ulianza siku Adamu, baba yake Yusra, alipokuja barazani na simu mpya mkononi. "Maalim, usione vibaya," alisema. "Sheikh wa humu ndani hachoki, hakohoi, wala haendi msibani. Mtoto atahifadhi nyumbani." Hamida alicheka, kwa sababu misiba ilikuwa mingi kweli na yeye haukumpita hata mmoja. Alipoacha kucheka, jirani wa Adamu naye alikuwa amemtoa mwanawe. Haukupita muda kila mzazi akataka sheikh asiyekohoa, na mikeka ya madrasa ikabaki imekunjwa pembeni.

Jioni, Hamida akienda dukani, alipita chini ya ukuta wa Adamu. Simu ilisoma, mtoto akafuata, na sauti zile mbili zilipendeza, asingeweza kukataa. Lakini palepale penye aya ya kisima, sauti ya sheikh ilikatika, na mwanamke mmoja mchangamfu akaanza kusifu sabuni ya unga. Yusra alingoja. Sabuni ikamalizika, akabonyeza, sheikh akarudi, naye akarudi. Kesho yake ikawa hivyo hivyo, na kesho kutwa.

Hamida aling'amua mara moja. Moyo wa mtoto hauchagui. Huhifadhi kila kinachopita, na takataka zake. Ilimpasa abishe hodi aseme, na mlango ulikuwa hapo hapo. Lakini alikuwa na hasira, na mwenye hasira hupenda ukweli uchelewe ili uume vizuri. "Watajionea wenyewe," alisema moyoni, akaenda zake, na usiku akalala usingizi mtamu. Hata alipoombwa kukaa na waamuzi kwa sababu mwenzao mmoja ameuguliwa, aliitikia upesi kupita kiasi.

Sasa walikuwa wanajionea. Upande wa wanaume Adamu alikuwa ameinua simu juu, anarekodi, na tabasamu lilikuwa limemgandia usoni.

"Maalim, kengele," Sheikh Abdulwahab alinong'ona.

Mkono wa Hamida ulikuwa tayari. Kilichomchelewesha ni midomo ya Yusra. Ilikuwa ikicheza bila sauti, na macho hayakuwatazama waamuzi wala watu. Yalitazama kitu kidogo kisichokuwepo mapajani. Jasho lilikuwa limelowesha ukingo wa shungi. Anaisikiliza sabuni, mtoto wa watu, Hamida aliwaza. Amekaa mbele ya umma wote huu, anasubiri tangazo liishe, na hana wa kumwambia. Huruma ikamjia kwa ghafla hata akaona haya.

"Maalim! Kengele!"

"Wajaa-at," alisema Hamida.

Neno hilo la kwanza la aya lilitoka lenyewe, kama linavyomtoka mama anayeona mtoto anajikwaa. Ukumbi uliguna. Yusra alishtuka, akalidaka neno, akaendelea. Wasafiri wakaja, ndoo ikashuka kisimani, na kisomo kikaenda mpaka mwisho bila kosa.

"Umevunja kanuni," Sheikh Abdulwahab alisema, macho yakiwa mezani. "Binti ataandikiwa kukwama na kutamkiwa, yote mawili."

"Naam, sheikh."

Safari ya Dar es Salaam ikaenda kwa msichana wa Bahi.

Baadaye Hamida alisimama nyuma ya ukumbi, kwenye mabomba ya kutawadhia, upepo wa Julai ukimtupia vumbi usoni. Alimwona Yusra akija. Kusema kweli, alikuwa ameshaandaa jibu la unyenyekevu, kwa kuwa alidhani mtoto anakuja kumshukuru.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwanangu."

"Kwa nini hukuningoja?"

"Ulikuwa umekwama, Yusra."

"Sikukwama. Lilikuwa linakaribia kuisha."

Yusra aliinamisha uso, amejisaliti. Hamida akasema polepole, "Sabuni."

"Umejuaje?"

"Nilikuwa napita ukutani kwenu."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya Ramadhani."

Msichana alilipima jambo hilo. Hakulia, na Hamida alitamani angelia.

"Kumbe ulikuwa unasikia," alisema mwishowe. "Mimi nilidhani hakuna anayenisikia."

Hamida alitafuta uongo mzuri, akaukosa. "Nilikuwa na hasira na baba yako."

"Na mimi je?"

"Na wewe pia."

Kutoka getini Adamu aliita, "Yusra! Gari la Kondoa linatuacha!" Yusra hakugeuka.

"Kuna mahali pengine ninaposimama?"

"Papo."

"Wapi?"

Hamida alifungua kinywa kumtajia, halafu akasita. Angemtajia, wangeagana, na mtoto angerudi kwenye simu yake na ramani ya mashimo yake.

"Soma," alimwambia. "Nakusikia."

Yusra alifumba macho, akaanza, palepale penye upepo, kwanza kwa sauti ya yule sheikh wa kwenye simu, kisha kidogo kidogo kwa sauti yake. Alisoma vizuri. Akafika alipofika, akanyamaza.

Honi ikalia barabarani. Adamu akaita tena, safari hii kwa ukali. Neno lilikuwa tayari ulimini mwa Hamida, limekaa, linawasha. Akalifumbia mdomo, akangoja.