Maji ya Bi Mwamvua

Ukitaka tugombane mimi na wewe, njoo kwenye msiba wangu uniambie kazi ya Mungu haina makosa. Niliambiwa hivyo mara mbili kule Vidunda, mlimani kwetu, na mara zote mbili nilinyamaza, maana nilikuwa bado mke mchanga na sikujua kwamba mdomo nao ni wa kutumia. Mtoto wangu wa kwanza alikufa siku aliyozaliwa. Wa pili hakulia hata kidogo. Na desturi yetu ilikuwa moja: kichanga ambacho hakijabatizwa hakiwekewi matanga. Wanawake wazee wawili wanakichukua, wanakizika nyuma ya jiko kwenye migomba, hakuna sala, hakuna jina, na baada ya siku chache unatazamiwa ushike jembe kama kawaida. Mama mkwe alinifuta machozi kwa pindo la kanga yake, akaniambia nisiwalilie sana, hao walikuwa bado hawajawa watu. Alisema kwa upendo, Mungu amrehemu. Lakini mimi niliwabeba, nilijua kama walikuwa watu au la.

Basi nilipopata mimba ya tatu niliapa. Nilikuwa napalilia maharage, nikasimama katikati ya shamba nikamwambia Mungu, mimi Odilia nasema hivi: huyu, aishi asiishi, hatazikwa bila jina. Sikumwambia mume wangu Nikolaus. Yeye ni mtu mpole, angenionea huruma tu, na huruma sikuitaka.

Tumbo likiwa kubwa ndipo Operesheni ya kuhamishia watu vijiji vya ujamaa ikatufikia. Ulikuwa mwaka wa sabini na nne. Lori halikuweza kupanda mlima, likatungoja chini, nasi tukashuka kwa miguu na vyungu vyetu na kuku wetu na mikeka. Wale wawili wangu nikawaacha kwenye migomba, bila hata jiwe la kuonyesha walipolala. Tulipelekwa tambarare, upande wa barabara ya Mikumi, mahali ambapo nyumba zilipangwa mistari kwa kamba. Mlimani jirani yako ni ndugu yako na mnasali kanisa moja. Huku kamba ya mwenyekiti wa kijiji ndiyo iliyochagua jirani, na sisi ikatuchagulia Bi Mwamvua.

Bi Mwamvua alikuwa Mwislamu wa huko huko bondeni, mkunga, mama mtu mzima mwenye maneno. Siku ya kwanza nilipomwamkia shikamoo aliitika marahaba, kisha akaniuliza kwa nini sisi watu wa mlimani tunatembea kama tunapanda ngazi hata penye tambarare. Nikamjibu kwamba ni afadhali kupanda ngazi kuliko kuburuta miguu kama kobe wa bondeni. Akacheka mpaka akakaa chini. Toka siku hiyo tukawa tunaombana chumvi na moto.

Uchungu ulinishika kabla ya wakati, asubuhi, Nikolaus akiwa kwenye shamba la ujamaa na wenzake. Bi Mwamvua ndiye aliyenizalisha. Mtoto alikuwa wa kiume, mdogo, na pumzi yake ilikuwa ya kukatika. Midomo ilikuwa ya buluu. Nilizijua dalili hizo. Bi Mwamvua alimtuma mtu amwite Nikolaus, na Nikolaus alipofika mlangoni akatazama mara moja, akageuka, akakimbia kumfuata katekista wetu, Filipo, aliyekaa kijiji cha ng'ambo ya mto.

Nikajua hawatawahi. Mimi mwenyewe sikuweza kuinuka. Damu ilikuwa inatoka, na Bi Mwamvua alikuwa amenikandamiza tumbo kwa mkono mmoja, mtoto amempakata kwa mkono wa pili.

"Bi Mwamvua," nikamwambia, "chukua maji umbatize."

Akanitazama. "Mwanangu, mimi ni Mwislamu."

"Najua. Sisi tumefundishwa, penye hatari ya kufa anabatiza mtu yeyote. Maneno nitakupa mimi. Mtoto anakwenda."

Baadaye sana aliniambia kwamba pale alijiuliza mambo mawili, Mungu atasema nini na mumewe atasema nini, akaona anayemwogopa zaidi ni mumewe, akajionea haya. Akamlaza mtoto kifuani pangu, akachota maji mtungini kwa kata. Akasema Bismillahi, kama anavyosema akiwasha moto, akikata kitovu, akionja mchuzi. Kisha nikamtangulia kwa maneno naye akanifuata, neno kwa neno, huku anammiminia maji kichwani. Yohana, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu.

Yohana akakunja uso kama mzee aliyekerwa na kelele. Mimi nikacheka, kweli nilicheka, na Bi Mwamvua naye akacheka. Mtoto alikufa hapo hapo kifuani pangu, jua halijafika utosini.

Filipo alifika alasiri na Nikolaus, wote wawili wamelowa mpaka kiunoni kwa kuvuka mto. Simsemi vibaya Filipo. Alikuwa ametembea mwendo mrefu, na ndiye aliyenifundisha katekisimu nikiwa binti, mlimani. Watu walikuwa wameshajaa uani. Akaingia, akamuuliza Bi Mwamvua alivyofanya, na Bi Mwamvua hakuficha kitu, akaeleza yote, na Bismillahi yake humo humo. Hapo Filipo akatikisa kichwa. Akasema yeye si padre, jambo kama hili hawezi kulibeba. Mwislamu, tena ameanza na maneno ya dini yake. Na makaburi ya Wakristo katika kijiji hiki hayajafunguliwa. Hawezi kuyafungua kwa kaburi lenye mashaka. Padre atakuja mwisho wa mwezi, ataulizwa. Kwa sasa mtoto azikwe nyuma ya jiko, kama desturi.

Nikolaus alitazama chini. Na sauti moja kutoka kwa wanawake waliojaa mlangoni ikasema, pole mama Yohana, kazi ya Mungu haina makosa.

Weee. Nilikuwa nimelala, nikaketi.

"Katekista," nikasema, "Bismillahi maana yake ni kwa jina la Mwenyezi Mungu. Niambie jina la Mungu limemharibu wapi mwanangu."

Akakibana kitabu chake cha sala kwapani.

"Wewe ndiye uliyenifundisha, mtu yeyote. Hukuniambia mtu yeyote isipokuwa jirani yangu. Wawili nimewaacha kwenye migomba. Huyu haendi nyuma ya jiko."

Akaniambia kwa upole kwamba ananielewa. Nikamwambia hanielewi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na yeye wake wote sita wako hai. Lilikuwa neno kali, najua, lakini nililisema na sikulirudisha.

Nikajifunga kanga tumboni, nikaikaza. Bi Mwamvua alinikataza, akasema mzazi hatoki nje kabla ya arobaini, sembuse siku ile ile, na damu haijakauka. Nikamwambia liwalo na liwe. Nilipoona nazuiwa sana nikaliona jembe mlangoni, nikalishika, nikamuuliza Nikolaus mbele za watu: unachimba wewe au nichimbe mimi?

Nikolaus alinitazama. Akalichukua lile jembe mkononi mwangu, akatoka.

Mwenyekiti wetu, Kondo, alikuwa pale uani na kamba yake ya kupimia. Shule alikuwa ameipangia mahali, duka mahali, ofisi mahali, lakini watu wa kufa alikuwa hajawapangia, akingoja bwana mpimaji kutoka Kilosa. Nikamwambia maiti haimngoji bwana wa Kilosa. Kondo ni Mwislamu, hayo ya ubatizo hayakumhusu, ila aliona aibu. Akatuonyesha upande wa mashariki, nyuma ya mstari wa mwisho wa nyumba, akasema hapa Wakristo, kisha akavua viatu akaingia kumsaidia Nikolaus kuchimba.

Nilikwenda nimeegemea bega la Bi Mwamvua, Yohana nimembeba mwenyewe. Filipo alikuja pia, akasimama mbali kidogo, kitabu chake cha sala kwapani hakukifungua. Basi nikasali mimi. Sikujua sala za mazishi, nilijua Baba Yetu. Nikaianza, na nilipofika kwenye utakalo lifanyike, nikaishia hapo. Neno lilikuwa mdomoni nami sikutaka kulitoa. Watu wakaanza kutazamana.

"Mungu," nikasema, "hili sijalikubali. Usinilazimishe leo. Lakini sina pengine pa kumpeleka mwanangu ila kwako. Huyu hapa. Anaitwa Yohana. Mpokee kwa jina lake."

Halafu nikalisema lile neno, kwa hasira, hivyo hivyo. Utakalo lifanyike, duniani kama mbinguni.

Sasa kwetu sala hiyo ni ya pande mbili: mmoja anatangulia, wengine wanapokea. Nikangoja wapokee. Wakristo wote wakamtazama Filipo, na Filipo akatazama ardhi. Nikadhani nitaimaliza peke yangu. Ndipo kutoka ndani ya shimo, akiwa amejaa udongo, Nikolaus wangu asiyepaza sauti hata akikanyaga mwiba akasema kwa nguvu: utupe leo mkate wetu wa kila siku. Mtu akamfuata, na mwingine, mpaka wote. Filipo alijiunga mwishoni. Amina yake niliisikia.

Padre alikuja baadaye, akamuuliza Bi Mwamvua, akasema ubatizo umeshika. Filipo mwenyewe alinijia na habari hiyo, kofia mkononi, nami nikampa kiti na uji. Lakini siku ya tatu baada ya kumzika Yohana sikuwa na neno la padre. Sikuwa na chochote. Na siku hiyo ndipo maziwa yaliposhuka.

Tangu mazishi nilikuwa sijalia. Bi Mwamvua alinifunga kifua kwa kitambaa na bado kanga ililowa. Nikaburuta mkeka mpaka mlangoni, watu wanapita na majembe kwenda shamba la ujamaa, nikaketi hapo nikalia kwa sauti, wala sikujificha. Wengine walisimama kunipa pole, nikawaambia waende zao, ninazungumza na mtu. Nilikuwa nasali. Sikupiga magoti wala sikufumba macho.

"Maziwa umeyaleta," nikamwambia, "na mtoto unaye Wewe. Basi mlishe. Na wale wawili walishe pia. Majina yao utaniambia nikifika."