Kibuyu Chenye Kinywa

Ijumaa alasiri, jua likiwa limeanza kupoa juu ya vilima vya Kanye, Mothusi alisimama uani akilipiga brashi koti lake jeusi, lile la misiba na la posa. Kesho yake wageni wangekuja kumposa Sethunya, binti wa dada yake, na kwa Watswana siku kama hiyo neno zito ni la mjomba. Alikuwa ameshalipitisha neno hilo kichwani mara kumi. Lilikuwa neno la kukubali.

Lango likalia. Akaingia Sethunya mwenyewe, bado amevaa vazi jeupe la maabara ya mifugo alikofanya kazi, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa bila kungoja kukaribishwa.

"Mjomba, kesho waambie hapana."

Brashi ikasimama. "Oteng amekukosea nini?"

"Hajanikosea. Ni mtu mwema na nampenda. Napenda kukaa naye, napenda anavyocheka. Lakini mwili wangu haumtaki. Haujawahi kumtaka mwanamume yeyote, wala mwanamke. Nina miaka thelathini na mmoja, nangoja kitu ambacho wenzangu wanasema huja chenyewe kama njaa. Hakiji."

"Labda ni maradhi, mwanangu."

"Nimepimwa, mimi ni mzima kabisa. Mama, akidhani nimelogwa nisiolewe, amenipeleka kwa nabii mara mbili, nikanyweshwa maji ya chumvi hadi nikatapika nyongo." Akacheka, kicheko kikavu. "Nimezungumza na watu wa Gaborone walio kama mimi. Tupo, Mjomba, na hatuumwi. Wengine huoa na kuolewa, wakielewana tangu mwanzo. Nilimweleza Oteng yote hayo. Akanishika mkono, akasema, 'Usijali, tukishaoana itakuja.' Hapo ndipo nilipoogopa."

Mothusi alitaka kusema analosema kila mtu, kwamba bado hajampata wake. Neno lilikuwa limeshafika ulimini. Lakini ladha yake aliijua, kwa maana alilishwa neno hilo ujana wake wote, hadi alipopata mahali pa kujificha. Kwa miaka arobaini watu wa Kanye waliamini kwamba alipokuwa mgodini Rustenburg alikuwa na mchumba aliyeitwa Nomvuyo, kwamba homa ilimchukua, na kwamba Mothusi hakuoa kwa ajili yake. Walimhurumia, wakaacha kumuuliza.

"Hakukuwa na Nomvuyo," akasema.

"Mjomba?"

"Nilimtunga. Bwenini wenzangu walikuwa wakihesabu wanawake, mimi nahesabu siku za kurudi kwa ng'ombe wangu. Waliponizidi kwa utani, nikasema ninaye mmoja. Baadaye ikabidi afe." Akalitundika koti kwenye waya, akalinyoosha bega ambalo lilikuwa limenyooka tayari. "Nilidhani kuna kitu kilichosahauliwa nilipoumbwa. Sikujua kuna wengine."

Mothusi akaiweka brashi chini. Kisha akauliza, "Kesho niseme nini?"

"Sema sitaki. Mengine ni yangu."

Jumamosi asubuhi alijaribu kumwambia dada yake mara mbili. Mara zote mbili Tebatso, ambaye tangu alfajiri alikuwa akiponda nyama kwenye chungu cha miguu mitatu, alimtuma kuni.

Wageni wakafika. Wanaume waliketi vitini na makoti yao, wanawake mkekani wamejifunika shali mabegani. Mjomba wa Oteng, mtu mrefu mwenye sauti ya kengele, akasafisha koo, akatamka maneno ya desturi ya kuomba mke.

"Tumekuja kuomba kibuyu cha maji."

"Tunawashukuru kwa heshima mliyotuletea," Mothusi akajibu. "Ila kibuyu cha nyumba hii kina kinywa. Nimekiuliza. Kimesema hapana."

Shali ya Tebatso ikamteleza begani, asiiokote.

"Kuna waliotutangulia?" akauliza mgeni.

"Hakuna."

"Basi kuna kasoro mnayoificha. Kijana alitudokeza kwamba binti ni baridi."

Mwanamke mmoja akaguna. Mothusi alijua kwamba ndani ya nyumba, nyuma ya pazia, Sethunya alikuwa akisikiliza. Siri ya binti hakuwa na haki ya kuitoa. Akatoa ya kwake.

"Ndugu yangu, nina miaka sitini na mitatu. Sijawahi kumtamani mtu yeyote. Yule marehemu wa Rustenburg mnayenipa pole kwa ajili yake hakuzaliwa. Nimewatengenezea pampu za visima, nimezika wazazi wenu, nimekaa nanyi vikaoni. Kasoro yangu mliiona wapi?"

Mjomba wa Oteng akainuka, na wenzake wakamfuata. Wageni waliaga kwa adabu zote, wakaondoka bila kugusa chakula.

Tebatso akangoja hadi vumbi la gari lao litulie. "Umenivua nguo mbele za watu! Majirani watasema nini?"

"Watasema. Wakichoka watalala."

"Na huyo Nomvuyo? Kila Ijumaa Kuu namwombea, kwa jina! Nimepiga magoti kwa ajili ya mtu asiyekuwepo?"

"Nilikuwa nakusikia. Nisamehe, dada yangu. Kila mwaka niliona aibu, na kila mwaka nikazidi kushindwa kusema."

Tebatso akajitupa mkekani. Sethunya akatoka ndani, macho mekundu. Mama yake akamgeukia.

"Nawe ndivyo ulivyo? Si kwamba nilikulea vibaya?"

"Hukunilea vibaya, Mama."

Tebatso akafunua chungu, akapakua sahani tatu, moja baada ya nyingine. "Sielewi," akasema hatimaye. "Sitawadanganya. Lakini kwa yule nabii hatuendi tena. Hata mimi alinikera. Ananuka mdomo."

Mothusi akapaliwa na ugali wa mtama kwa kucheka. Tebatso hakucheka. Alisogea mkekani, akapapasa nafasi kando yake.

"Haya, kaa. Anza tangu mwanzo. Polepole, na usinitajie maneno ya vitabuni."

Sethunya akameza tonge, akajifuta vidole.

"Nilikuwa na miaka kumi na minne," akasema, na mama yake akaacha kula.