Njia Inayomrudisha Serafina

Serafina alikuwa barazani kwake Kitura anachambua maharage, simu ameiegemeza kwenye sufuria, akimwelekeza mgeni wa Dodoma namna ya kufika Ziwa Nyasa.

"Ukitoka Mbinga mjini usile," alimwambia. "Kona ni nyingi, tumbo litakusumbua. Utakula Mbamba Bay, samaki wa leo, siyo wa jana."

Kupangia watu safari ndiyo ilikuwa kazi yake. Baba yake alikuwa baharia wa meli ya ziwani, na huko Lipingo, alikokulia kando ya ziwa, Serafina alizijua bandari kabla hajazijua herufi. Alipoolewa na Kiliani alianza kuwapeleka akina mama wa parokia hija Peramiho, baadaye hadi Bagamoyo. Alikaa kiti cha mbele na hakusinzia, asije akapitwa na kitu.

Tangu Kiliani afariki, njia ilikuwa inamrudisha. Alitoka na nguo yake nyeusi, akapita kisimani, akapita kanisani, akapanda kilima, na akiteremka upande wa pili alitokea uani kwake, kwa kuku walewale.

"Umesharudi, Serafina?" jirani alimwuliza.

"Nimerudi."

"Pole na safari."

Sababu ilijulikana. Mjane havuki mipaka ya ukoo wa mumewe mpaka avuliwe nguo nyeusi, na wa kumvua alikuwa shemeji yake, Urbani. Kila mwaka Urbani alisema wamalize kwanza kuchuma kahawa. Kahawa ikiisha, alisema wachimbe kwanza ngolo, yale mashimo ya kushika udongo mteremkoni, na mikono ya kuchimba ilikuwa ya Serafina.

Ndipo Ida, mdogo wake, akapiga simu kutoka Lipingo. "Dada, mama hali chakula tena. Anakuulizia wewe tu."

Serafina alimwita Dastan wa bodaboda. Walishuka mpaka upepo wa ziwa ukawapiga usoni, akasikia harufu ya dagaa walioanikwa. Akafumba macho amshukuru Mungu. Alipofumbua, walikuwa uani.

Dastan akazima pikipiki. "Mama, hapa si kwako?"

"Ni kwangu."

"Basi nipeleke mzigo peke yangu."

Akampa unga na rozari yake. Dastan alifika bila shida.

Serafina akaenda kwa Urbani, akapiga magoti kando ya chanja la kuanikia kahawa. "Shemeji, nivue. Mama yangu anakufa."

"Kwani nimekukatalia, shemeji? Kahawa si hiyo inaiva. Tukimaliza tunaita padre, tunapika."

"Nivue leo, bila kupika."

"Bila kupika! Kiliani atatuonaje?"

Alijaribu kwa miguu, alijaribu njia ya mbuzi, alijaribu kinyumenyume huku akisali Salamu Maria. Kila mara uani. Mwisho njia haikumfikisha hata kisimani. Akakaa chini palepale alipokuwa, akalia mpaka sauti ikakauka, na watu waliokwenda kuchota maji walimpisha kwa heshima.

Mama yake akafariki, maziko yakapangwa Jumamosi. Wakwe walipaswa kwenda kuzika, na Urbani hakuijua njia ya ziwani.

"Tupangie wewe, shemeji," alisema.

Akawapangia. Scholastica, mke wa Urbani, akae mbele kwa sababu gari humtapisha. Wasile Mbinga mjini. Wakiona mitumbwi, wanawake waanze kulia hapo. Nyumba ni ile ya bati la bluu. "Na mwambieni Ida mama alazwe kichwa kielekee ziwani. Alipenda hivyo."

Walifika bila kupotea. Waliporudi, Serafina alileta beseni akawanawisha miguu, kama inavyostahili wageni waliotoka mbali.

"Ulitupanga vizuri," Urbani alisema. "Sikujua ziwa ni kubwa namna ile." Akainua mguu wa pili. "Sasa ile nguo, shemeji. Una msiba mpya. Tuiache kwanza, wa mama nao upite."

"Sawa, shemeji."

Walipoondoka alimwaga maji taratibu. Chini ya beseni ulibaki mchanga mweupe wa Lipingo. Akavua kandambili, akaingia humo kwa miguu yote miwili, akasimama.

Simu ikaita. Mgeni mwingine alitaka kujua kama huko ziwani kunafaa kwenda.

"Kunafaa," Serafina alijibu, bila kutoka kwenye beseni. "Ila ukitoka Mbinga mjini usile."