Mahameli ya Ukalio

Nchi ya Ukalio imelala baina ya milima miwili iliyonyolewa miti yote. Vibanda vimebanana bondeni, mabomba yamekauka, na juu ya bonde hilo limesimama Jumba la Vikao, jeupe, lenye viti vya mahameli ambavyo watawala huviita, bila haya, taifa. Humo sheria kuu ni moja: ainukaye kabla kikao hakijafungwa amejiuzulu. Ndiyo maana waheshimiwa hunywa maji kidogo sana, na Mtukufu Gandama amekikalia kiti cha juu hadi kikachukua umbo la makalio yake.

Moto ulipoteketeza vibanda vya bondeni, waheshimiwa walikutana upesi kujadili usalama wa mahameli. Maji yangeyaharibu, wakaagiza mitungi ya gesi ya kuzimia moto. Bi Zinduna, Waziri wa Hewa, aliwaeleza kwamba moto nao huishi kwa hewa: king'ora hulia ili watu watoke, milango hujifunga, gesi humwagika kutoka darini ikaisukuma hewa, na moto hufa kwa kukosa pumzi. Ipo gesi pole, alisema, inayomwachia mtu pumzi kidogo. Lakini muuzaji wake hakutoa chai, akarudishwa. Wakanunua ile isiyobagua moto na mtu, wakapiga makofi wakiwa wameketi.

Siku moja chetezo cha udi, kilichowashwa kumtukuza Gandama, kilipinduka na zulia likashika moto. King'ora kikalia. Hakuna aliyeinuka, kila mmoja alikitazama kiti cha jirani yake kwa matumaini.

“Mtukufu, funga kikao tutoke,” Zinduna alisihi.

“Nikifunga itanibidi niinuke. Tangulia wewe.”

Wakacheka. Zinduna aliogopa kweli, na kukiacha kiti kulimuuma, maana alikisotea ujana wake wote. Hata hivyo aliinuka. Makofi yalimsindikiza mpaka mlangoni, na wawili walikuwa wameshaanza kugombea nafasi yake milango ilipojifunga.

Ukungu mweupe ulipotulia, Zinduna, akiwa nje, alichungulia kwenye kioo cha mlango. Moto umezimika, mahameli makavu kabisa, na waheshimiwa wote wameinamisha vichwa. Akamwambia mkuu wa walinzi, aliyelinda hapo nje, avunje mlango.

“Mlango huu hufunguliwa kwa amri ya Mtukufu,” alijibu yule mlinzi kwa upole.

“Basi nakuamuru mimi.”

“Wewe umeinuka, Bi Zinduna. Si waziri tena.”

Zinduna alimshika mlinzi mkono, akamsogeza kiooni aone mwenyewe. Mlinzi alitazama kwa makini, akatikisa kichwa.

“Mbona kila kikao huwa hivyo hivyo? Tukiwaamsha tutaambiwa tumewakatiza.”

Watu wa bondeni, waliosikia king'ora, walikuwa wamefika ngazini. Walimsikiliza mlinzi, wakatazamana, kisha wakaketi wasubiri amri.