Kibaraza cha Froukje

Mwaka mzima Douwe alimcheka shemeji yake Froukje kwa choo chake cha kizamani, kile chenye kibaraza ndani, ambapo mzigo hukaa mkavu ukikutazama mpaka uvute maji. Yeye alishabomoa chake, akaweka cha kisasa ambacho kila kitu hutumbukia majini.

Kisha ikaja ile bahasha ya kupima saratani ya utumbo, ambayo watu wa umri wake hapo mjini Dokkum, Uholanzi, huletewa nyumbani. Maelekezo yalisema kinyesi kisiguse maji, na kichupa chenye kijiti cha kuchukulia sampuli kirudishwe kwa posta. Douwe alitandika karatasi, ikazama. Akachukua sahani, mkewe akamnyang'anya. Asubuhi ya tatu, tumbo likimsokota, alipanda baiskeli mbio hadi kwa Froukje.

"Shemeji, naomba choo."

"Hiki hiki cha kizamani?"

"Nipishe bwana, nitaumbuka!"

Kazi ikawa nyepesi ajabu. Alichomeka kijiti, akakirudisha kwenye kichupa, akafunga, akainua macho kwa raha zake. Ukutani mbele yake ilining'inia kalenda ya siku za kuzaliwa, kama ilivyo katika kila choo mjini. Froukje alikuwa amejiandika mwenyewe, kwa wino mwekundu, penye tarehe ya jana.

Douwe alitoka taratibu, uso umemwiva.

"Shemeji... hongera kwa siku ya kuzaliwa."

Froukje alikitazama kichupa mkononi mwa Douwe.

"Asante. Ila hiyo zawadi, peleka tu posta."