Jiko la Apolonia na Bibi Mweupe wa Krukowiec

Haya niliambiwa na shangazi Salomea, majira ya baridi yale tuliyokuwa tukichambua manyoya ya bata bukini kwa ajili ya mito ya harusi ya dada yangu. Shangazi alikuwa na mdomo ambao hata padri aliupisha njia.

Juu ya kijiji chetu iko ngome ya Krukowiec, au tuseme kilichobaki: nusu ya mnara, ukuta kidogo, na kunguru. Wakubwa wa zamani waliijenga juu ya mwamba ili adui asiifikie. Adui akaifikia. Waswidi walipomaliza kuichoma, wakubwa wakahamia bondeni kwenye jumba lenye madirisha, mlimani wakaacha mizimu. Na ngome ya kwetu lazima iwe na bibi mweupe, mzimu wa mwanamke aliyevaa nguo nyeupe. Isiyo naye ni kama harusi isiyo na mlevi, watu watauliza kuna nini. Wetu alijirusha kutoka mnarani kwa ajili ya mapenzi. Wote hujirusha kwa ajili ya mapenzi. Hakuna hata mmoja aliyeteleza kwenye barafu akienda chooni.

Basi, watu walikuwa wakishusha mawe ya ngome kwa mikokoteni. Mawe mazuri, yamekwisha kuchongwa, na aliyeyachonga hayahitaji tena. Banda la mzee Kurek, mkuu wa kijiji, lilikuwa na dirisha la kanisa la ngome. Nguruwe wake walilala kama maaskofu. Bwana mwenye ardhi akaona mawe yanapungua, lakini mlinzi anataka mshahara. Msimamizi wake, Gaudenty Pluta, akampatia mlinzi wa bure. Alisimama nje ya kanisa baada ya misa, akatangaza kwamba bibi mweupe amemtokea.

"Amesema hivi: atakayelala penye jiwe langu hatafumba jicho mpaka alirudishe! Naapa kwa msalaba!"

Waliomjua Pluta walistaajabu kidogo kwamba bibi wa ukoo mkubwa vile, kati ya wanaume wote, amemchagua yeye.

Apolonia alikuwa mjane mwenye watoto wawili na mama mkwe, bibi Bogumiła, ambaye kifua chake kilikoroma hata akiwa macho. Kabla ya theluji ya kwanza jiko lao likaporomoka. Jiko la kwetu si la kupikia tu. Juu yake ndiko wanakolala wazee na watoto, na asiye nalo haioni Pasaka. Apolonia akapanda mlimani na mkokoteni, akashusha mawe, akajenga mwenyewe. Jiko lilipinda kidogo, kama padri akitoka kubariki nyumba ya mtengeneza pombe, lakini lilipasha.

Baada ya sikukuu ya Mamajusi, Pluta akaja na nyundo, pamoja na mzee Kurek ili awe shahidi.

"Jiko hili ni mawe ya ngome. Linavunjwa leo."

"Leo, bwana? Nje mate yanaganda kabla hayajafika chini. Mama atakufa."

"Ungelifikiria hilo kabla ya kuiba. Na hiki ni nini?" Akaweka kidole kwenye kichwa cha fahali kilichochongwa, alama ya ukoo wa bwana.

"Ufa, bwana."

"Ufa wenye pembe?"

"Ni marehemu mume wangu huyo," bibi Bogumiła akasema kutoka juu ya jiko. "Alikuwa hivyohivyo."

Pluta akainua nyundo. Apolonia akasimama kati ya nyundo na jiko.

"Bwana msimamizi, uliapa kwamba anayelala penye mawe hayo hafumbi jicho. Sisi tunalala."

"Kama magogo," akadakia bibi.

"Uongo!"

"Basi kaa uone. Tukikesha, vunja. Tukilala, mawe si ya ngome. Au uliapa uongo kwa msalaba, na mzee Kurek yuko hapa anasikia?"

Mzee Kurek akakohoa. Alikuwa na banda lake la kufikiria.

"Kiapo ni kiapo, Gaudenty. Kaa."

Akakaa. Giza la saa kumi jioni, ndivyo kwetu majira ya baridi, likaingia. Apolonia akampa supu chachu na soseji ya mwisho nyumbani mle, na watoto wakaisindikiza kwa macho hadi mdomoni mwake. Halafu wakalala. Bibi akalala pia, kwa kelele.

"Wanajifanya," Pluta akasema.

"Huyo mdogo anadondosha mate," akasema mzee Kurek. "Hilo halifundishwi."

"Panda uwatazame kwa karibu, bwana," Apolonia akasema kwa upole. "Hapo mlangoni upepo utakuua, na sisi tutamlilia nani?"

Pluta akavua buti, akapanda, akajibana kati ya bibi na mtoto, akakodoa macho kama bundi wa serikali. Tumbo limejaa, mgongo una moto. Bundi akapepesa. Muda mfupi baadaye alikuwa akikoroma kumshinda bibi Bogumiła, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliweza.

Mzee Kurek akainuka.

"Mawe haya si ya ngome," akasema. "Msimamizi mwenyewe amethibitisha. Nitalisema mbele ya bwana, nitalisema kanisani."

"Akiamka akakataa?"

"Akatae nini, binti yangu? Aseme bibi mweupe ni mwongo, au aseme ni yeye? Jiko lako halivunjwi." Akavaa kofia, akaichukua na nyundo, akaenda kwake kulala.

Apolonia akaongeza kuni. Juu ya jiko hapakuwa tena na nafasi. Ya kwake ilikuwa imelaliwa na serikali. Akatandika ngozi ya kondoo kwenye benchi, akaegemeza mgongo kwenye mawe ya moto, akaanza Salamu Maria, na hakufika katikati.